Fundo Lisilofunguka

Matangani, kila mgeni alimshika shangazi yangu mkono na kumwambia lile lile: "Pole mama, jikaze. Wewe ni mgumu, huvunjiki." Yeye alijibu tu, "Asante." Maneno hayo yalinirudia nikisoma kuhusu sumaku.

Ndiyo, sumaku. Chukulia kila atomu ndani yake imebeba mshale mdogo, ambao wanafizikia huuita spini. Kuna sumaku ambamo mishale hiyo hujipanga kama kimbunga kidogo: wa katikati hutazama chini, ya pembezoni hutazama juu, na iliyo baina yake hugeuka kidogo kidogo. Mpangilio huo huitwa skamioni, kwa jina la Tony Skyrme, mwanafizikia Mwingereza aliyewaza kuhusu mafundo ya aina hii mwanzoni mwa miaka ya 1960. Siku hizi mafundo kama hayo huundwa hata kwa mwanga.

Mbona fundo? Fikiria kamba ya kuanika nguo iliyofungwa kwenye nguzo mbili, na katikati ina fundo. Utalisukuma, utalilegeza, utalikaza. Kulifungua, huwezi, mpaka ukate kamba au uachilie ncha moja. Hisabati ya mambo haya ni topolojia, na wanafizikia husema ndiyo inayoilinda skamioni.

Sasa, ulinzi huo ni kamili kwenye mlinganyo tu, ambako sumaku huchukuliwa kuwa kitu laini kisicho na pengo. Sumaku halisi ina atomu, na baina ya atomu kuna nafasi. Joto likizidi, fundo linaweza kusinyaa likapotelea hapo. Likisukumwa hadi ukingoni, linatoka nje. Mwaka 2013, huko Hamburg, watafiti waliandika skamioni moja moja na kuzifuta, kwa umeme wa ncha ya hadubini.

Ndiyo maana anayeiga skamioni kwenye kompyuta huwa makini. Sumaku anaigawa vyumba vidogo vidogo. Vikiwa vikubwa mno, fundo linaweza kufa kwa kosa la programu. Akisahau atomu kabisa, anaweza kuamini litaishi milele.

Naona kumwambia mtu "huvunjiki" ni kumwiga bila atomu. Na hebu tuseme ukweli: inatufaa sisi. Asiyevunjika hahitaji kupikiwa, wala kupigiwa simu wiki ya tatu wakati wageni wameshaondoka na viti vya kukodi vimerudishwa.

Lakini je, ugumu wake ni uongo? La. Skamioni ikikutana na kasoro ndogo njiani, mara nyingi huizunguka na kuendelea. Uimara wake ni wa kweli, ila haujitegemei. Ilipogunduliwa ndani ya sumaku mwaka 2009, Ujerumani, ilihitaji baridi ya karibu nyuzi 245 chini ya sifuri, na nguvu ya sumaku nyingine kutoka nje. Ondoa hayo, na mishale inajipanga vingine. Kumbe kilichosifiwa kuwa kigumu kilikuwa kinashikiliwa pande zote.

Basi swali si kama shangazi ni mgumu. Swali ni nani anamshikilia.

Juzi nilimpigia. Sikumwambia ajikaze. Nilimuuliza, "Shangazi, umekula?"

Akanyamaza kitambo. Kisha akasema, "Bado."