Bezaleli Alitiwa Moyo wa Kufundisha

Ndugu zangu wakufunzi wa vyuo vya ufundi, fungueni kitabu cha Kutoka, sura ya 35, mkasome mstari wa 34. Bezaleli mwana wa Uri, wa kabila la Yuda, tunamkumbuka kwa dhahabu, fedha na shaba alizozifanyia kazi hema ya kukutania ilipojengwa. Tunausifu mkono wake, kisha tunafunga kitabu. Lakini mstari ule unasema Mungu alimtia moyoni kufundisha pia, yeye pamoja na Oholiabu wa kabila la Dani. Ustadi wa kazi umetajwa kwanza, na kufundisha kukatajwa baadaye, kipawa kingine kabisa.

Sasa jiulize, wewe uliyekabidhiwa karakana na vijana thelathini: kipawa hicho cha pili unakitumia? Au kwa kuwa unajua kuchomelea, kushona na kufunga umeme, umeona yatosha?

Mtazame kijana aliyekaa mbele yako. Matokeo ya kidato cha nne yalipotoka, nyumbani kwao watu walinuna. Majirani wakamwambia mama yake, angalau mpeleke chuo cha VETA, kama watu wanaotoa pole msibani. Ameingia getini akiwa ameshahukumiwa. Anakaa nyuma. Haunyooshi mkono, maana alishaunyoosha miaka minne akachekwa. Nasi tunaingia, tunageukia ubao, tunamwandikisha notsi za Kiingereza kurasa kwa kurasa, halafu tunakwenda ofisini kulalamika kwamba kizazi hiki hakina ari. Ndugu yangu, ari hiyo ingetoka wapi?

Nasema wazi: hotuba za kutia moyo hazimwinui kijana huyu. Zinaisha nguvu kabla ya chai ya saa nne. Aliyeambiwa hawezi huja kuamini jambo moja tu, nalo ni kitu alichokifanya kwa mkono wake mwenyewe, mtu anayeijua kazi akakitazama kwa makini. Basi mpe kazi siku ya kwanza. Siku ya kwanza! Usingoje nadharia iishe.

Twende karakana ya kuchomelea. Binti ameshika rodi ya milimita 2.5 kwa mara ya kwanza maishani, mkono unatetemeka ndani ya glavu. Anagusa bamba, rodi inanasa. Mkufunzi mmoja atamnyang'anya kishikio, achomelee yeye mstari mzuri, kisha aseme, "Umeona?" Alichoona binti yule ni kwamba hawezi, basi. Mkufunzi aliyetiwa moyo wa kufundisha hamnyang'anyi. Anamwambia azungushe kishikio mpaka rodi ibanduke, apandishe mkondo wa umeme kidogo, aikwaruze rodi kwenye bamba kama anayewasha kiberiti, kisha aiinue kidogo sana. Cheche zinaruka! Mstari unatoka umepinda, umejaa vishimo, na hapo ndipo somo linapoanza. Mpe nyundo agonge magamba, mpe brashi ya waya asugue, kisha inama naye juu ya bamba umuulize, "Vishimo hivi vimetoka wapi, mwanangu?" Nyamaza. Mngoje. Pengine atasema aliinua rodi mno, au bamba lilikuwa na kutu, au rodi zimekaa kwenye unyevu. Akishaitaja sababu kwa kinywa chake, mpe bamba jingine. Lile la kwanza aliandike tarehe kwa chaki, alihifadhi, ili wiki kadhaa baadaye aliweke kando ya lile jipya ajionee mwenyewe.

Mafunzo yanayozingatia umahiri ndiyo hayo, ambayo kwenye makaratasi tumeyapokea siku nyingi. Kwa mfumo ule, asiyefikia umahiri leo anarudia mpaka afikie. Ni rehema kubwa kwa mtu aliyekuja na jeraha la mtihani! Lakini ukimwandikia kwamba hajafikia bila kumwonyesha alipokosea, umeligusa jeraha lilelile.

Najua mtanijibu kwamba mashine ni mbili na wanafunzi ni thelathini. Ni kweli, na inauma. Hata hivyo wapange watatu watatu. Mmoja anachomelea, wa pili amevaa kinga ya uso anaangalia umbali wa rodi na mwendo wa mkono, wa tatu anasafisha bamba la zamu inayofuata. Anayeangalia awe na la kusema kazi ikiisha, na aulizwe yeye kwanza. Wengine nao wapime na kukata vyuma, wasisimame ukutani. Na anayesinzia, muulize amekula nini asubuhi na ametembea kutoka wapi, kabla hujamkaripia.

Hapa nakemea jambo. Binti akishakosea mara mbili, tunampa ufagio na daftari la mahudhurio, wavulana wanabaki na mashine. Ni dhambi hiyo! Sura ileile ya 35 inawataja wanawake wenye hekima moyoni, waliosokota kwa mikono yao nyuzi za hema. Hawakuletwa pale kufagia. Mrudishie kishikio chake leo.

VETA, mamlaka yetu ya mafunzo ya ufundi stadi, iliundwa kwa sheria ya 1994. Sasa Sera ya Elimu, toleo la 2023, imefungua mkondo wa amali, yaani wa elimu ya ufundi, katika sekondari, na vijana wataanza kutujia kwa kuchagua ufundi wenyewe. Watatukuta tukifanya nini? Tukinakilisha notsi?

Nanyi wakuu wa vyuo, msiwaachie wakufunzi mzigo huu peke yao. Fundi hodari mliyemwajiri bila kufunzwa ualimu, mpelekeni akasome. Chuo cha walimu wa ufundi stadi kipo Morogoro. Aliyefundisha miaka mingi bila kurudi kwenye kazi ya ufundi, mpeni ruhusa wakati wa likizo akakae kiwandani au gereji, ashike zana zinazotumika sasa. Na fedha zikiingia, nunueni mabamba na rodi kwanza, ndipo mpange sherehe za mahafali.