Chuma, Udongo na Ahadi Iliyovunjwa

Soma kwa ajili ya mjadala huu: Danieli 2:40-43, Yoshua 9, 2 Samweli 21:1-6, Zaburi 15:4, Mathayo 26:24.

Kila mwanafunzi wa Shule ya Sabato anaifahamu sanamu ya Nebukadreza. Kichwa cha dhahabu ni Babeli, kifua cha fedha ni Umedi na Uajemi, tumbo la shaba ni Uyunani, na miguu ya chuma ni Rumi. Kisha chuma kinachanganyika na udongo, na ufalme unagawanyika. Kwa kawaida darasa likifika hapo hutaja mwaka 476, Odoacer alipomwondoa kijana Romulus Augustulus katika kiti cha enzi, kisha husonga mbele hadi kwenye lile jiwe. Lakini katika mistari hiyo michache limo swali ambalo halifai kurukwa. Ikiwa Mungu alikwisha kusema kwamba Rumi itagawanyika, je, wale walioivunja kwa mikono yao walikuwa na hatia yoyote?

Ili kulijibu, inafaa kurudi nyuma miaka 100 kabla ya Odoacer. Mwaka 376 umati mkubwa wa Wagothi, wake kwa waume na watoto, ulifika ukingoni mwa mto Danube ukiwakimbia Wahun. Waliomba kuingia katika dola. Kaisari Valens alikuwa Antiokia, na washauri wake waliifurahia habari hiyo. Waliona kwamba vijana wa Kigothi wangejaza jeshi, na majimbo yangetoa dhahabu badala ya kutoa wana wao. Maana askari walikuwa wagumu kupatikana: sheria za karne ile zinawataja hata vijana waliojikata kidole gumba ili wasiandikishwe. Basi Wagothi wakaruhusiwa kuvuka, wakiwa wameahidiwa chakula kwa wakati ule na mashamba ya kulima.

Chakula hakikuwafikia kama ilivyoagizwa. Ammianus Marcellinus, aliyewahi kuwa ofisa katika jeshi hilo hilo la Rumi, anaandika kwamba makamanda wawili, Lupicinus na Maximus, walikusanya mbwa na kuwapa Wagothi wenye njaa, mbwa mmoja kwa mtumwa mmoja. Miongoni mwa waliotolewa kuwa watumwa walikuwamo hata wana wa wakuu wao. Baadaye Lupicinus aliwaalika viongozi wao karamuni mjini Marcianople, huku watu wao wakizuiwa kuingia mjini kununua chakula. Ghasia zikazuka, naye akaamuru walinzi wa wageni wake wauawe. Fritigern, mmoja wa viongozi hao, akaponyoka, na vita vikaanza. Tarehe 9 Agosti 378, karibu na mji wa Adrianople, Valens alipigana bila kuusubiri msaada wa Kaisari mwenzake, Gratian. Kwa maelezo ya Ammianus, ni kama theluthi moja tu ya jeshi iliyookoka. Mwili wa Valens haukuonekana tena.

Mtu angedhani kwamba Rumi ilijifunza. Mwaka 382 Kaisari Theodosius alifanya mapatano na Wagothi, nao wakapigana upande wake. Lakini mwaka 408 Stilicho, jemadari mkuu wa magharibi ambaye baba yake alikuwa Mvandali, aliuawa kwa amri ya serikali aliyoitumikia. Kisha katika miji ya Italia wake na watoto wa askari wa kigeni, waliokuwa wakiitetea dola hiyo, wakachinjwa. Je, waume na baba wale wangefanya nini? Maelfu yao walimwendea Alaric, mfalme wa Wagothi. Miaka miwili baadaye, mwezi Agosti 410, Alaric aliingia Rumi, na kwa siku tatu mji ukatekwa nyara. Kikulacho ki nguoni mwako, husema wahenga.

Mara nyingi mimbarini husemwa kwamba Rumi ilianguka kwa sababu ya anasa na ulevi. Dhambi hizo zilikuwapo, lakini maelezo hayo hayatoshi. Rumi ilikuwa na anasa na ukatili mwingi wakati majeshi yake yaliposhinda kila mahali. Tena upande wa mashariki wa dola hiyo hiyo uliendelea hadi mwaka 1453. Nguvu si uthibitisho wa kibali cha Mungu, wala si kila anguko ni adhabu inayoweza kusomwa kwa macho ya wanadamu. Zilikuwapo pia sababu nyingine: vita vya Warumi wenyewe kwa wenyewe, na kupotea kwa kodi na nafaka ya Afrika baada ya Wavandali kuiteka Karthago mwaka 439. Hata hivyo jambo moja liko wazi. Mara mbili, katika saa ya hatari, Rumi ilimgeuza mtu aliyekuja kuomba hifadhi au kutoa utumishi kuwa adui. Kosa halikuwa kumpokea mgeni. Kosa lilikuwa kumpokea kwa ahadi na kumtendea kama bidhaa.

Biblia inalijua jambo hili. Wagibeoni waliwadanganya Israeli, na Yoshua angeweza kusema kwamba kiapo kilichopatikana kwa hila si kiapo. Hakusema hivyo. Miaka mingi baadaye Sauli akawaua Wagibeoni, na maandiko yanataja nia yake: alikuwa na wivu kwa ajili ya watu wake. Leo angeitwa mzalendo. Lakini njaa ya miaka mitatu ilikuja juu ya nchi, na Mungu alipoulizwa, alitaja damu ya wageni wale. Mbele zake ahadi kwa mgeni asiye na mtetezi ni ahadi kamili.

Sasa swali la mwanzo linaweza kujibiwa. Yesu alisema kwamba Mwana wa Adamu anakwenda kama alivyoandikiwa, na papo hapo akatamka ole juu ya mtu anayemsaliti. Unabii haukumsukuma Yuda, wala haukumlazimisha Lupicinus kuuza mbwa. Mungu anayeona mwisho tangu mwanzo huona pia uchaguzi wa kila mtu, na kuona si kulazimisha. Kama unabii ungeondoa hatia, basi kila mwovu wa siku za mwisho angejitetea kwamba anatimiza Maandiko. Danieli alitangaza kwamba chuma na udongo havitashikamana. Hakumpa mtu yeyote ruhusa ya kumdhulumu jirani yake.

Hapo ndipo somo linapofika nyumbani kwa kila mshiriki. Kanisa linalotangaza kuanguka kwa falme linaweza kuwa na mzee wa kanisa anayemcheleweshea kibarua ujira wake, au familia iliyomchukua mtoto wa ndugu kijijini kwa ahadi ya shule na kumfanya mtumishi wa jikoni. Chati ya sanamu inaning'inia ukutani, na chini yake ahadi zinavunjwa. Mtunga Zaburi anamtaja atakayekaa katika hema ya Bwana: yeye aliyeapa, na ingawa ni kwa hasara yake, habadiliki. Ahadi ni deni. Jiwe lile litakuja kwa wakati wake bila msaada wa mikono ya watu, lakini deni la leo mikono ya mtu yaweza kulilipa leo.

Maswali ya Kujadili

1. Sauli alidhani anawatetea watu wake. Ni lini upendo kwa taifa, kabila au kanisa hugeuka kuwa kisingizio cha kuvunja neno lililotolewa kwa mtu wa nje?

2. Mtu akikuambia, "Yametabiriwa, hakuna la kufanya," utamjibuje kwa kutumia Mathayo 26:24?

3. Je, yuko mtu asiye na mtetezi ambaye wewe, familia yako au kanisa lenu mlimwahidi jambo na bado hamjalitimiza? Ni hatua gani inaweza kuchukuliwa kabla ya Sabato ijayo?