Kuacha Ulevi si Kazi ya Siku Moja

Usiku wa mbalamwezi wavuvi wa Baraka hawaendi ziwani na taa zao. Mwezi ukiangaza juu ya Tanganyika, ndakala hawakusanyiki penye taa, na mitumbwi hubaki mchangani. Siku hizo ni njema kwa kushona nyavu. Tena ni siku za hatari kwa mtu aliyezoea pombe. Fedha ya uvuvi ingali mfukoni, mikono haina kazi, na nyumba iuzayo lutuku haiko mbali.

Na afikiriwe mvuvi mmoja wa huko, Mkristu, mwenye mke wa ndoa na watoto. Siku ya Jumatano ya Majivu aliahidi mbele ya msalaba kwamba hatagusa kileo tena maishani mwake. Kwaresima yote alishinda. Lakini Pasaka huja daima baada ya mwezi mpevu, nayo ikamkuta ufukoni bila kazi. Jumatatu ya Pasaka rafiki alimwita. Akanywa glasi moja, kisha chupa, na pesa ya shule ya watoto ikaishia huko. Kesho yake majirani walisema: «Tulijua. Mlevi ni mlevi.» Naye akasema moyoni maneno yale yale, na Jumapili hakwenda Misa.

Hapo ndipo Ibilisi alipopata alichokitafuta. Chupa ile ilikuwa chambo tu; ndoana ilikuwa kukata tamaa.

Kosa la mvuvi huyo lilikuwa wapi? Alidhani ahadi ni mwisho wa safari, kumbe ni hatua ya kwanza. Atokaye Baraka ufukoni kwenda Fizi milimani hafiki kwa kuazimia tu: hupanda kilima, hupumzika, hupanda kingine. Mazoea ya miaka kumi yamekwisha kuufundisha mwili. Hata miguu imejifunza njia ya kwenda kilabuni. Waganga wa siku hizi huuhesabu utumwa huo kuwa ugonjwa, na Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992 yafundisha kwamba mazoea yaweza kupunguza lawama ya mtu katika tendo lake. Hata hivyo ulevi haukugeuka kuwa jambo jema: watoto bado hulala njaa, na mke bado hupigwa. Basi mlevi ahurumiwe kama mgonjwa, tena aitwe kusimama kama mtu aliye huru.

Wako pia wanywao kwa sababu ya majonzi. Vita vya mwaka 1996 na vya mwaka 1998 viliwavusha watu wengi wa Fizi ng'ambo ya ziwa, hata kambi ya Nyarugusu katika Tanzania. Wengine walirudi wakakuta nyumba imekuwa kichaka na ndugu hawapo. Lutuku humwahidi mtu usahaulifu, lakini kukicha huzuni ingali pale pale, na mfuko ni mtupu.

Katika mji wa Dublin, nchi ya Irlandi, aliishi mchukuzi wa mizigo jina lake Matt Talbot, aliyezaliwa mwaka 1856. Alianza kunywa angali mtoto. Mwaka 1884, akiwa na miaka 28, alikwenda kwa Padri akaahidi kuacha pombe kwa miezi mitatu tu. Miezi hiyo ilimwia migumu mno. Ilipokwisha alirudia ahadi, na hatimaye akaifanya ya maisha yote. Hakutegemea nguvu zake: kila asubuhi alihudhuria Misa kabla ya kazi, akaacha kutembea na fedha mfukoni ili asivutwe kilabuni, akalipa madeni yake. Mpiga fidla mmoja aliyeibiwa chombo chake, Matt alimtafuta asimwone, akatoa fedha Misa zisomwe kwa ajili yake. Alifariki mwaka 1925 njiani akienda Misa, baada ya miaka 41 bila pombe. Na siku zote hizo alizishinda moja moja.

Na yule aangukaye tena na tena? Mganga Mchina Mark Ji Tianxiang alitumia afyuni kutuliza maumivu ya tumbo, akanaswa. Muungamishi wake alidhani hana majuto ya kweli, akamnyima Sakramenti. Kwa miaka kama thelathini hakukomunika, lakini kanisa hakuliacha. Mwaka 1900 aliuawa kwa ajili ya imani, na mwaka 2000 Papa Yohane Paulo II alimtangaza Mtakatifu. Wahenga walisema: kujikwaa si kuanguka, bali ni kwenda mbele.

Atakaye kuacha pombe afanye nini? Kwanza, kama amekunywa sana kwa miaka mingi, asiache ghafla peke yake, kwa maana mwili waweza kushikwa na mtetemeko, na kifafa, na hata kifo. Aende kwanza hospitalini. Pili, abadili njia zake: fedha aikabidhi kwa mkewe, rafiki wa chupa ampungie mkono kwa mbali, na siku za mbalamwezi azipangie kazi mapema. Tatu, atafute mwenzi wa kumwambia ukweli wote. Nne, akianguka leo, leo hii arudi katika Kitubio.

Nao majirani wamwachie nafasi ya kurudi. Amwambiaye atubuye «mlevi ni mlevi» amfungia mlango ambao Yezu Kristu ameuacha wazi.

Tarehe 28 Novemba 1964, Bruda Vittorio Faccin na Padri Luigi Carrara waliuawa katika Baraka, na Padri Giovanni Didonè pamoja na Padri Albert Joubert katika Fizi. Tarehe 18 Agosti 2024, katika Uvira, Kanisa liliwatangaza Wenye Heri. Wao walitoa uhai wao siku moja. Aachaye ulevi hutoa wake kidogo kidogo, jioni baada ya jioni, wala hakuna amwonaye ila Mungu na watu wa nyumba yake.

Mvuvi yule alirudi kwa Padri, kichwa kimeinama, tayari kuapa upya kwa miaka yote iliyobaki. Padri alimwondolea dhambi, kisha akamtaka aahidi mpaka mwezi mwandamo tu, halafu aje tena.