Ramadhani, siku ya 17: Kuapa juu ya kilicho mfukoni



Leo ni swali ambalo limenifikia mara tatu tangu mwezi uandame, na wote walioniuliza ni wanaume. Mtu ana kesi ya matunzo ya watoto. Korti imemwambia alete hati ya kiapo ya mapato na mali: anapata nini, anamiliki nini, anadaiwa nini, anatumia nini. Anaijaza, anaapa na kutia sahihi mbele ya kamishna wa viapo, kisha inaingia kortini na nakala inapelekwa kwa mwenzake. Sasa wananiuliza: "Sheikh, kile nisichoulizwa waziwazi, nikikinyamazia, nimesema uongo?"

Tuseme jamaa ana tuktuk mbili. Moja iko kwa jina lake. Ya pili aliihamishia jina la shemeji yake miezi miwili kabla ya kesi. Kwenye hati anaandika kwamba ana tuktuk moja. Ukitazama karatasi za gari, ni kweli. Lakini hesabu ya jioni ya ile ya pili inaingia kwenye mfuko wake yeye. Kila mstari ana la kuutetea, na hati nzima inadanganya.

Mimi nasema huo ni uongo, tena wa kiapo, na wengine wanaapa wakiwa na saumu. Katika hadithi aliyoipokea Muslim kutoka kwa Abu Huraira (r.a.), Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba kiapo huhesabiwa kwa nia ya yule anayekuapisha, si kwa ujanja wa anayeapa. Korti imekuapisha ili ijue uwezo wako. Haikukuapisha ili ijue majina yaliyoandikwa kwenye karatasi za gari. Sheria ya nchi nayo inakihesabu kiapo cha uongo kuwa jinai, lakini hapa sizungumzii polisi.

Kuna anayejituliza kwamba hakimu au Kadhi akishahukumu, basi kilichobaki kimekuwa halali yake. Hapana, ndugu yangu. Mama yetu Umm Salama (r.a.) amepokea kwamba Mtume mwenyewe (s.a.w.) alisema yeye ni binadamu, huhukumu kwa anayoyasikia, na atakayemkatia haki ya mwenzake kwa sababu ya ufasaha wa maneno, basi amemkatia kipande cha moto. Ikiwa hukumu ya Mtume haikuihalalisha haramu, ya Kadhi wa leo itaihalalisha vipi?

Tena mtazame anayenyang'anywa ni nani. Aya ya 7 ya Suratut-Talaq imeyapima matunzo kwa uwezo wa mtoaji, mwenye nafasi kwa kiasi chake na mwenye dhiki kwa kiasi chake. Ni rehema kubwa kwa maskini. Lakini kipimo chenyewe kiko mkononi mwako wewe. Ukikipunguza, si mtalaka wako pekee uliyemshinda. Mwanao ndiye anayekula pungufu, na umemtumia hakimu kumpunja.

Mmoja alinijibu, "Mali ni sitara. Kwa nini mtalaka wangu asome salio langu?" Hoja hiyo siibezi. Mitaani kwetu karatasi ikifika nyumba moja, kabla ya isha imefika nyumba kumi. Kwa hiyo dada zangu, nakala mliyopewa ni amana; si ya kupigwa picha na kutumwa kwenye grupu la mashoga. Na mama naye akileta hati yake huapa kiapo kile kile. Kuandika karo ya skuli ambayo mtoto hasomi, au kuinyamazia kodi ya chumba unayopokea kila mwezi, ni mlango ule ule. Lakini sitara ni ya kufunika aibu. Haki ya mtoto haifunikwi.

Wengine wanaogopa kwamba ukweli wenyewe utawadhulumu, na hawa nawaelewa sana. Stetimenti ya M-Pesa ya miezi sita inaonyesha laki tatu zimeingia, kumbe nusu ni za chama, nyingine za mazishi, nyingine za mama mzee asiyejua kutumia simu. Dawa yake si kuifuta namba. Ziwekee alama, eleza ni za nani, ambatisha daftari la chama. Mapato ya tuktuk usiyaandike kwa siku moja mbovu; andika wiki kadhaa, toa petroli na matengenezo, taja miezi ambayo skuli zimefungwa na abiria ni wachache. Deni liandikwe na jina la anayekudai, naye awe anakudai kweli. Fungu lako katika nyumba ya marehemu baba ambayo haijagawanywa, liandike kuwa ni fungu lisilogawanywa. Kutoweza kuliuza leo si sawa na kutokuwa nalo.

Kama hati ilishakwenda na kuna kilichoachwa, muone wakili au karani wa korti akuonyeshe namna ya kuomba kuleta hati ya nyongeza, kabla hukumu haijatoka.

Anayetaka kusaidiwa kupanga hesabu, nipo msikitini baada ya Tarawehe leo na kesho. Njoo na stetimenti ya karatasi. Usinitumie huku, simu yangu watoto wanaichezea.