Usilimeze Swali

Kijana wa duka la kuchapa mabango Kariakoo alilitazama faili langu, akanitazama mimi, kisha akauliza, "Sasa bwana harusi yuko wapi hapa?" Kazi yake ya kila siku ni mabango ya harusi, ya kipaimara na ya wagombea udiwani. Hakuwahi kuletewa bango lenye grafu nne, jedwali moja na neno "hawatanisahau" lililokatwakatwa kama kitunguu. Nikamwambia hakuna bwana harusi, ni mambo ya shule. Akaniuliza kama ningependa maua pembeni.

Maua nilikataa. Kilichonisumbua ni namna ya kulisafirisha bango lenyewe, maana likikunjwa limekwisha. Makasha wanayobebea michoro wasanifu majengo yalinishinda bei. Nikaingia duka la vifaa vya ujenzi mtaa wa pili, nikanunua kipande cha bomba la maji taka la inchi nne, urefu mita moja, na vifuniko viwili. Bango likaingia kama lilipimwa.

Mdogo wangu unayesoma shahada ya uzamivu, wewe unayeahirisha kila mwaka kwa sababu "bado sijawa tayari", maandalizi yangu yote ndiyo hayo. Bomba la maji taka, tiketi ya basi, na andiko moja dogo lililopokelewa kwenye warsha baada ya kukataliwa na kongamano jingine ambalo sina haja ya kulitaja. Ada nilisamehewa kwa kujitolea kazi za mlangoni. Nilikwenda hivyohivyo. Nataka na wewe uende hivyohivyo.

Kongamano lenyewe lilikuwa ICLR, Kigali, tarehe 1 hadi 5 Mei 2023. Kwa wasiolijua, ni moja ya makongamano matatu makubwa kabisa duniani ya fani ya mashine kujifunza, na halikuwa limewahi kukanyaga Afrika. Usidhani lilikuja Kigali kwa bahati. Mwaka 2018, kongamano kubwa jingine, NeurIPS, lilipofanyika Montreal, watafiti wengi wa Kiafrika walinyimwa viza za Kanada, wakiwemo waliokuwa na makala za kuwasilisha. Watu wa Black in AI, kundi lililoanzishwa na Timnit Gebru na Rediet Abebe, wakalipigia kelele jambo hilo. Hoja ikawa nyepesi kueleweka: kama Waafrika hawaruhusiwi kuufuata mkutano, basi mkutano uwafuate wao. ICLR ya 2020 ikapangiwa Addis Ababa. Korona ikaja, mkutano ukahamia kwenye skrini, na Addis ikabaki jina kwenye tangazo. Miaka mitatu baadaye ndipo Kigali ikapata.

Kwa hiyo mlango ule ulisukumwa na watu, tena kwa miaka. Mimi Mtanzania nisiyehitaji viza kuingia Rwanda, niliye na basi la moja kwa moja kutoka Mbezi, ningejieleza vipi kama ningebaki nyumbani?

Safari ilikula zaidi ya siku nzima. Dodoma, Singida, Kahama usiku wa manane, Nyakanazi, halafu Rusumo, ambako Mto Kagera unanguruma chini ya daraja na gari likishavuka linahamia upande wa kulia wa barabara. Hapo afisa wa forodha akaliona bomba. Akaligonga, akalitikisa, akafungua kifuniko na kuchungulia kama anayetazama kwenye darubini. "Umebeba nini, ndugu?" Nikamwambia utafiti. "Fungua tuone huo utafiti."

Nikalitandaza bango juu ya meza ya kukagulia mizigo, katikati ya magunia na masanduku, abiria wenzangu wakajaa nyuma yangu. Nikaanza kueleza. Kompyuta inapojifunza lugha, nikasema, hulikata neno vipandevipande kwanza, na mbinu inayotumika sana imezaliwa na ufundi wa kubana data ambao Philip Gage aliuchapisha mwaka 1994. Mbinu hiyo haijui sarufi. Inahesabu tu herufi zipi hupenda kukaa pamoja. Sisi tukisema "hawatanisahau" tunasikia ha, wa, ta, ni, sahau: kukana, wao, wakati ujao, mimi, tendo. Mashine niliyoijaribu ilikata haw, atan, isa, hau. Mama mmoja nyuma yangu akacheka: "Isa kaingiaje hapo?" Nikamwambia, mama, hilo ndilo swali la tasnifu yangu. Afisa akauliza kama mashine hiyo inajua Kinyarwanda. Bado, nikajibu. Akarudisha bango kwenye bomba kwa mikono yake. "Basi ukirudi, njoo nacho."

Hapo nilikuwa nimekwishawasilisha utafiti wangu mbele ya watu zaidi ya ishirini, wakanielewa, wakaniuliza maswali ya maana, na mimi sikujua kwamba nimewasilisha. Nilidhani kongamano halijaanza.

Kesho yake, ndani ya Kigali Convention Centre, chini ya kuba lile ambalo usiku huwaka rangi juu ya mji, ulimi wote uliisha. Uliza mtu yeyote aliyewahi kwenda kongamano la kwanza, kama ni mkweli atakusimulia habari za chooni. Nilikwenda chooni mara nne bila haja. Nilishika simu kama mtu anayesubiri taarifa nzito. Kwenye foleni ya kahawa alisimama mbele yangu mtu ambaye makala zake nimezisoma hadi karatasi zikachakaa, amevaa kandambili za ngozi, anahangaika na kifuniko cha kikombe kama binadamu yeyote, nami nikageuka kutazama ukuta.

Lakini la chooni na la kahawa si kitu. Lililoniuma ni la ukumbini. Msemaji alikuwa akieleza namna mashine moja inavyoweza kujifunza lugha nyingi kwa mkupuo. Kwenye daftari langu niliandika: "Je, lugha zenye viambishi vingi zinalipia gharama kubwa kuliko Kiingereza, kwa kuwa maneno yake hukatwa vipande vingi zaidi?" Nikalipigia mstari chini. Mikrofoni ilisimama hatua saba kutoka kitini kwangu, najua kwa sababu nilizihesabu. Nikaanza kurekebisha Kiingereza cha swali kichwani. Nikalirekebisha tena. Dakika za maswali zikaisha nikiwa bado natafuta kiunganishi.

Alasiri, ukumbi mwingine, msichana mmoja mwenye lafudhi nzito kuliko yangu akasimama akauliza swali lilelile. Kwa Kiingereza kibovu, nasema bila kumvunjia heshima. Msemaji akatulia, akasema ni swali zuri sana, na baada ya kikao watu watano wakamzunguka yule dada wakitaka kujua anasoma wapi. Mimi nilikuwa nimekaa na daftari langu, swali limepigiwa mstari.

Mdogo wangu, soma hapo mara mbili. Swali halikuharibika kwa lafudhi ya mwenzetu, ila langu liliharibika kwa ukimya.

Siku iliyofuata saa ikaniokoa. Rwanda iko nyuma yetu kwa saa moja, na mimi nilikuwa nimeweka kengele ya asubuhi kwenye saa ya mkononi, ambayo bado ilikuwa inasoma saa za Dar. Nikafika ukumbini mapema mno, viti vitupu, taa nusu. Mikrofoni ya maswali imesimama palepale. Nikaisogelea, nikaigusa, nikasema kwa sauti ndogo, "Habari za asubuhi." Sauti yangu ikatoka kwenye spika zote ukumbi mzima. Nyuma kabisa, fundi mitambo akainua kichwa kutoka kwenye nyaya zake. "Nzuri, kaka. Endelea, tunakusikia."

Siku ile niliuliza. Magoti yalicheza, hilo halikwepeki, na neno moja la Kiingereza lilinitoroka katikati ya sentensi nikaliacha liende. Msemaji alikuwa mtu mkubwa katika fani. Akanitazama, akafikiri, akajibu kwa sentensi mbili: hatujajaribu hilo, na ningependa kuona mtu akijaribu. Nilirudi kukaa nikiwa mwepesi kama niliyetuliwa gunia. Kumbe ukingo wa wanachokijua wao uko karibu hivyo, na kuna pembe za dunia ambazo mimi na wewe tunazijua kwa ulimi wa mama zetu, na wao bado hawajajaribu.

Nikupe mfano wa watu wengine waliokwenda na kipande kidogo. Desemba 1991 kulikuwa na kongamano la kompyuta San Antonio, Texas, lililoitwa Hypertext. Wanaume wawili kutoka CERN, maabara ya fizikia ya Ulaya, Tim Berners-Lee na Robert Cailliau, walikuwa wamepeleka andiko likakataliwa. Wakaruhusiwa meza ya maonyesho tu. Kufika hotelini, wakakuta hakuna intaneti, ikabidi waombe wavutiwe waya wa simu ili mtambo wao upate pa kuunganika. Walichokuwa wakionyesha pale mezani, wapita njia wengine wakitupia jicho na kuendelea, ni wavuti: hii tovuti unayofungua kila siku kusoma matokeo ya mpira. Miaka miwili baadaye, kwenye kongamano hilohilo, karibu kila aliyeweka meza alionyesha kitu kinachohusu wavuti. Sasa wewe, wahakiki watatu wamekuandikia aya mbilimbili za kukukatisha tamaa, umeshalala kitandani kutazama ukuta. Amka. Omba meza.

Siku ya warsha nikalifungua bomba. Kona moja ya bango iligoma kunyooka, nikaibana kwa pini mbili. Nusu saa ya kwanza hakusimama mtu. Wenzako wanapita, macho yanakimbilia kwenye kitambulisho chako shingoni, wanaona jina la chuo wasilolijua, wanasonga. Nikakumbuka Rusumo. Nikaacha kusubiri mtu asome, nikaanza kumuuliza kila anayepita: "Kwa lugha yenu, 'hawatanisahau' inasemwaje?" Wakasimama. Mmoja akaandika kwa Kiyoruba, mwingine kwa Kifini. Ndani ya dakika ishirini kona iliyokunjamana haikuonekana tena kwa vichwa.

Katikati yao akatokea kijana wa Lubumbashi. Alilisoma bango lote kimya, mikono nyuma, kama mwalimu wa zamu. Halafu akasema, "Kaka, mashine yako imesoma 'wanasema'. Kwetu tunasema 'banasema'. Ikikutana na mama yangu itamsikia?" Nikafungua kompyuta palepale, nikaandika. Ban, ase, ma. Mashine haikuwa na habari yoyote kwamba hao ni watu na kwamba wanasema. Kazi ya miaka miwili, nimeiita ya Kiswahili, kumbe ilikuwa ya Kiswahili cha magazeti ya Dar.

Uso uliniwaka. Lakini kijana yule ndiye aliyenipa sura ya tatu ya tasnifu yangu, bure, amesimama, mkononi ana sambusa. Ningekaa maabara miaka mingine kumi nisilione tobo lile, kwa sababu kila anayepita maabara kwetu anasema "wanasema".

Wiki ileile, usiku wa kuamkia tarehe 3, mvua ilikuwa imeporomosha milima magharibi na kaskazini mwa Rwanda na kuua watu zaidi ya 130. Mwanafunzi mmoja Mnyarwanda, mwenzangu wa zamu ya mlangoni, alifika kwenye bango jioni, akauliza kitu kimoja tu: mashine ya namna hii ingeweza kumwamsha bibi kijijini kwa sauti, kwa lugha yake, kabla udongo haujashuka? Sikuwa na jibu. Swali lake nimeliandika ukurasa wa kwanza wa daftari nililoanza baadaye.

Sasa tuzungumze nauli, maana najua unaniwekea hiyo. Makongamano mengi makubwa yana fungu la kuwasaidia wanafunzi na nafasi za kujitolea. Fomu zake hufungwa mapema, hivyo zijaze kabla hata hujajua kama andiko limepita. Deep Learning Indaba, mkutano wa fani yetu ulioanza Johannesburg mwaka 2017, unazunguka bara letu, na Nairobi imeshafika. Masakhane wanafanyia kazi lugha za Afrika kwa umoja, na andiko lao la mwaka 2020 lina majina mengi ajabu ya waandishi, wakiwemo watu wasio watafiti wa kazi. Ingia humo. Zikikosekana njia zote hizo, itisha kamati. Nasema kweli. Tunakaa vikao sita na mweka hazina kuchangia keki ya ghorofa tano, halafu mtoto wa ukoo anakosa Rusumo kwa nauli ya basi? Shangazi yangu ndiye aliyenikatia tiketi ya kurudi, na mpaka leo anawaambia watu nilikwenda Rwanda kutengeneza kompyuta. Sijamsahihisha.

Bomba bado ninalo. Lina vibandiko vya watu watatu baada yangu, na Agosti 2025 lilirudi Kigali na mdogo wetu mmoja, Indaba ilipofanyika huko. Kifuniko kimoja kimepasuka, nimekifunga kwa gundi ya karatasi. Liko nyuma ya mlango wa maabara, upande wa kushoto. Likikufaa, gonga uingie, na uniambie bango lako lina upana gani.