Moyo Usikitikao na Mkono Utendao

Liko swali ambalo kila mtu aliyepewa mamlaka hana budi kulijibu: Je, mtu aweza kutenda neno ambalo moyo wake mwenyewe walishitaki, kisha akasema, Si mimi, ni sheria?

Thomas Ruffin alizaliwa Virginia, nchi ya Marekani, mwaka 1787. Akasoma Princeton, akawa mwanasheria mwenye sifa katika North Carolina, hata mwaka 1829 akachaguliwa kuwa hakimu katika mahakama kuu ya jimbo lile. Mara akaletewa kesi ya John Mann. Mtu huyu alikuwa amemkodi mtumwa aitwaye Lydia kutoka kwa bibi yake, Elizabeth Jones. Alipokuwa akimpiga kwa kosa dogo, Lydia akakimbia. Mann akamwita asimame, naye hakusimama. Ndipo akampiga risasi, akamjeruhi. Wazee wa baraza wakamwona Mann kuwa na hatia.

Ruffin akaitangua hukumu yao. Akaandika kwamba kazi ya hakimu na huruma ya mwanadamu zashindana ndani yake. Walakini akaamua kwamba mamlaka ya bwana hayana budi kuwa kamili, maana pasipo hayo mtumwa hatatii kabisa.

Wengine walimsifu kwa kusema kweli pasipo kuificha. Lakini na tupime. Ruffin mwenyewe alikuwa na watumwa wengi, tena zamani alikuwa na mshirika katika biashara ya kuwanunua na kuwauza. Sheria aliyosema yamfunga ndiyo iliyomlisha. Wala hakukosa njia: wale wazee wa baraza, wenyeji wa nchi ile ile, waliiona. Hata yeye, mwaka 1839, alithibitisha hukumu ya kifo juu ya John Hoover, aliyemtesa mtumwa wake Mira hata akafa. Basi mpaka aliweza kuuweka; akauweka kaburini.

Wahenga walisema, Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Masikitiko ya hakimu hayakumgharimu kitu, wala hayakuponya jeraha la Lydia.

Ruffin alikufa mwaka 1870. Sanamu yake iliyokuwa Raleigh iliondolewa mwaka 2020. Nasi tulio wazazi, wazee na waamuzi, tukisema amri yatufunga, kwanza na tuulize: Ni nani alipaye, na ni nani apataye faida? Huzuni isiyouzuia mkono si haki.