Njia ya Jidda Imefupika, Deni Halikufupika

Bismillahi Rahmani Rahim. 

Kutoka Mombasa hadi Jidda, kwa njia ya angani iliyonyoka, ni kama kilomita 2,800. Miji hii miwili imekaa karibu katika mstari mmoja, kusini na kaskazini, hata saa zake ni moja. Ndege iendayo kilomita 800 kwa saa huukata mwendo huo kwa saa tatu na nusu. Na abadilishaye ndege Nairobi au Addis Ababa aweza kufika siku ile ile aliyowaaga watu wake.

Wazee wetu hawakuipata neema hii. Walipanda vyombo vya matanga, kusi ikawapeleka na kaskazi ikawarejesha. Na pepo hufuata jua, ilhali Hija hufuata mwezi. Kwa hivyo mtu aliweza kukaa ugenini miezi mingi kabla ya siku ya Arafa.

Walakini safari ile ndefu iliwafunza kujitayarisha. Mwenye kwenda Hija hakuwa na hakika ya kurudi. Alilipa madeni, akarudisha amana, akaandika wasia, akawaachia watoto wake masurufu, kisha akazunguka nyumba kwa nyumba akiomba radhi. Leo twamwona mwenzetu amekwisha kununua tikiti, na mwenye duka hajalipwa, na nduguye hawasemezani. Akiulizwa, hujibu, "Nikirudi, inshallah, tutaelewana." Ni nani aliyempa hakika ya kurudi? Ndege imeisogeza Jidda karibu; kaburi haikulisogeza mbali.

Tena kasi hii yataka hadhari katika ibada yenyewe. Yalamlam, mikati ya watu wa Yaman na wapitao upande wao, iko kama kilomita 100 kusini ya Makka. Kwa ngamia huo ni mwendo wa siku mbili. Kwa ndege ni dakika saba au nane. Aliyelala kitini, au aliyeitia ihramu yake katika sanduku lililo chini ya ndege, huamka amekwisha kuipita mikati, akajitia katika mashaka ya fidia. Basi na aivae kabla ya kupanda, na anuie kabla ya kufika.

Na wewe tajiri uliyekuwa ukisema ni mbali, udhuru huo umekwisha. Mwenyezi Mungu ameifaradhisha Hija juu ya awezaye njia, na njia ndiyo hii, fupi kuliko siku moja ya kazi.

Hatusemi watu warudie majahazi. Twasema kwamba ile miezi tuliyopunguziwa ni neema, na neema ina shukrani yake. Tutoe wiki moja tu katika miezi hiyo, twende kwa wanaotudai na kwa tuliowaudhi, kabla ya kwenda uwanja wa ndege. Akiba iliyo bora ya safari ni ucha Mungu, nao haupimwi kwa mizani ya mizigo.

Mola atuwafikishe sisi na nyinyi. Amin.